Kiwanja: Ufunguo wa bitcoin uko mfukoni, lakini kompyuta ni ya nani?

Januari 27, 2025, M23 iliingia Goma na banki za biashara za mji huo zikafunga milango. Kiwanja, komini iliyo kilomita zipatazo 70 upande wa kaskazini, katika eneo la Rutshuru, ilikuwa imekwisha kupita mikononi mwa kundi hilo tangu mwisho wa Oktoba 2022. Kwa mwenye kununua maharagwe na mahindi Kiwanja na kuyauza Goma, akiba ilibaki na makao matatu tu: noti zilizofichwa nyumbani, telefone yenye M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money, na akaunti upande wa pili wa mpaka, Rwanda ao Uganda. Aprili 2025 AFC/M23 ilifungua upya milango ya CADECO, sanduku la akiba la serikali, mjini Goma, bila baraka za Kinshasa. Sanduku moja haliwezi kuziba pengo la banki zote.

Pengo hilo ndilo linalozipa nguvu habari za kripto. Bitcoin, na zaidi USDT, ile sarafu ya kidijitali inayofuata thamani ya dola, hazina gishe, hazina saa za kazi, wala hazingoji uwanja wa ndege ufunguliwe. Na kila mara mazungumzo yanapofika kwenye usalama, jibu ni lilelile: nunua kifaa. Ni kitu kidogo kinachofanana na fleshi, chenye skrini nyembamba na vifungo viwili, kinachounganishwa na kompyuta kwa waya wa USB. Chapa zinazojulikana zaidi ni Ledger ya Ufaransa na Trezor ya Jamhuri ya Cheki.

Ushauri huo si mbaya. Shida yake ni kwamba uliandikwa kwa ajili ya mtu mwenye kompyuta yake mwenyewe, chumba chake cha kufunga, umeme usiokatika na polisi wa kuita usiku. Kiwanja, kila moja ya hayo manne ni swali.

Kinachofanywa na kifaa

Kripto haikai ndani ya kifaa, wala ndani ya kompyuta. Imeandikwa katika daftari la pamoja linalotunzwa na maelfu ya kompyuta duniani. Anachomiliki mtu ni ufunguo wa siri, yaani namba ndefu sana inayomruhusu mwenye nayo kuhamisha pesa hizo. Anayeipata namba hiyo amekuwa mwenye mali, na hakuna ofisi ya kwenda kulalamika. Ufunguo ukiwekwa katika kompyuta ya kawaida, virusi moja iliyoingia na fleshi ya nyimbo inaweza kuuchukua na kuutuma mbali bila mwenyewe kusikia lolote.

Kifaa kinaondoa hatari hiyo. Ufunguo unazaliwa ndani yake na hautoki. Kompyuta inaandaa agizo la malipo, kiasi fulani kwenda kwenye anwani fulani, na kulituma kupitia waya. Kifaa kinalionyesha kwenye skrini yake, mwenyewe anabonyeza kukubali, sahihi inatiwa humo ndani, na kinachorudi kwenye kompyuta ni sahihi tu. Ndiyo sababu inasemwa, na ni kweli, kwamba kifaa kinaweza kuchomekwa hata kwenye kompyuta yenye virusi na ufunguo usiibiwe.

Watu wengi huishia kwenye sentensi hiyo. Inakosa nusu yake ya pili: kompyuta haiwezi kuiba ufunguo, lakini inaweza kudanganya, tena inaweza kuona.

Tuanze na kudanganya. Kuna virusi vinavyokaa kimya vikisubiri mtu akopi anwani ya kripto. Anapoibandika mahali pengine, vinaweka anwani ya mwizi. Anwani ya USDT kwenye mtandao wa Tron ina herufi na tarakimu 34 zisizo na maana yoyote kwa jicho, kwa hiyo mtu haoni tofauti. Kinga ni kusoma skrini ya kifaa, si ya kompyuta, na kulinganisha na anwani ambayo mpokeaji ameituma kwa njia nyingine, kwa mfano kwenye telefone. Isomwe yote. Wezi wamejifunza kutengeneza anwani zenye mwanzo na mwisho unaofanana na ile ya kweli, wakijua kwamba watu husoma herufi nne za mwisho wakaridhika. Hali ni hiyohiyo wakati wa kupokea: anwani ya kumpa mteja ionekane kwanza kwenye kifaa.

Anayedhani hilo ni kosa la wasiosoma aangalie yaliyoipata Bybit, soko la kripto lenye makao Dubai. Februari 21, 2025 lilipoteza mali ya karibu dola bilioni 1.5, na siku chache baadaye FBI ya Marekani ikailaumu Korea ya Kaskazini. Waliotia sahihi upande wa Bybit walikuwa na vifaa vya namna hii mkononi. Kompyuta ziliwaonyesha uhamisho wa kawaida, wa kila siku. Kwenye skrini ndogo za vifaa agizo halikusomeka vizuri, nao wakakubali. Funguo zao hazikuibiwa. Wao wenyewe ndio waliotia sahihi ya wizi. Kifaa kikionyesha mlolongo wa tarakimu usioeleweka badala ya kiasi na anwani, kubonyeza kukubali ni sawa na kutia kidole kwenye karatasi iliyoandikwa kwa lugha usiyoijua.

Jicho la mwenye kompyuta

Kuhusu kuona, hapo ndipo Kiwanja inapotofautiana kabisa na Paris ao Nairobi, na ndipo maelezo ya watengenezaji yanaponyamaza.

Katika miji midogo ya Kivu, asiye na kompyuta yake huenda kwenye nyumba ya kupiga chapa na fotokopi. Mashini hizo hupokea fleshi za watu kutwa nzima: barua za kuomba kazi, orodha za wanafunzi, filamu, nyimbo. Virusi si jambo la ajabu hapo, na kama tulivyoona, kifaa kinaweza kuvivumilia. Lakini ili kifaa kitumike, kompyuta inatakiwa kuwekewa programu ya mtengenezaji, na programu hiyo ina kumbukumbu. Programu ya Ledger, iliyokuwa ikiitwa Ledger Live, kwa mfano, huhifadhi orodha ya akaunti na salio lake kwenye kompyuta. Kifaa kikichomolewa na mwenyewe akaenda zake, salio hubaki linaonekana, isipokuwa programu imefungwa kwa nywila.

Kwa hiyo mwenye mashini, ao mdogo wake anayekaa dukani jioni, akifungua programu anasoma kiasi chote cha dola. Hawezi kukigusa. Lakini anamjua mteja, anaijua sura yake, na pengine anaijua nyumba yake.

Mahali pengine hilo lingeitwa suala la faragha. Rutshuru ni mahali ambapo watu wametekwa nyara kwa ajili ya pesa kwa miaka mingi. Shirika la Human Rights Watch liliandika Desemba 2015 kwamba watu wasiopungua 175 walikuwa wametekwa mashariki mwa Kongo mwaka huo ili familia zao zilipe fidia, na eneo la Rutshuru lilikuwa miongoni mwa yaliyoumia zaidi. Katika mazingira ya namna hiyo, kujua fulani ana kiasi gani ni nusu ya kazi ya mtekaji. Mwizi wa Ulaya anatafuta ufunguo. Huku anayebisha mlango usiku hahitaji ufunguo. Anahitaji tu kujua kwamba upo, na mwenyewe ataufungua.

Hata Ulaya wamelionja hilo. Mwaka 2020 hifadhi ya wateja wa Ledger ilivuja. Anwani za barua pepe zilizoibiwa zilikuwa karibu milioni moja, na kwa wateja wapatao 272,000 yalitoka pia majina, namba za telefone na mahali wanapoishi. Hakuna ufunguo uliovuja. Mwaka uliofuata baadhi yao walipokea kwa posta vifaa vya bandia vilivyotengenezwa kuwaibia, na wengine walipata vitisho. Januari 2025 David Balland, mmoja wa waanzilishi wa kampuni hiyo, alitekwa nyumbani kwake katikati ya Ufaransa pamoja na mke wake, na watekaji wakamkata kidole ili kushinikiza fidia ya kripto. Aliokolewa ndani ya siku mbili na GIGN, kikosi maalum cha jandarmeri. Kiwanja haina GIGN.

Ndiyo sababu swali la kwanza kwa mwenye kifaa si aina ya waya wala ya kompyuta, bali nani mwingine anaigusa kompyuta hiyo. Telefone yako mwenyewe ya Android, hata ya bei ndogo, ni afadhali kuliko mashini nzuri ya mtu mwingine. Vifaa vingi hukubali kuunganishwa na telefone kwa waya wenye kichwa kinachofaa, na vingine hutumia Bluetooth. Kama hakuna njia isipokuwa kompyuta ya pamoja, basi kazi ifanywe mara moja, programu ifutwe pamoja na kumbukumbu zake kabla ya kuinuka kwenye kiti, na kusiwe na mtu nyuma ya mgongo. Wapo washauri wanaosema mtu anunue kompyuta ya pekee kwa kazi hiyo tu. Kwa mwenye akiba ya dola 300, ushauri huo unachekesha.

Nywila ya kufunga programu iwekwe siku ya kwanza. Ni hatua ya dakika moja, na ndiyo inayorukwa na wengi kwa sababu haihusu wizi wa kripto wenyewe.

Kimetoka wapi?

Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa mji ulipoanguka. Mzigo mdogo wa bei kubwa hufika Rutshuru kwa barabara, kupitia Bunagana, Ishasha ao Rwanda, mara nyingi katika mfuko wa ndugu ao jirani aliyetoka Kampala, Kigali ao Dubai. Kwa telefone hiyo si shida kubwa. Kwa kifaa cha kutunza funguo, kila mkono uliokipokea njiani ni swali.

Mei 2023 wataalamu wa Kaspersky walieleza kisa cha mtu aliyenunua Trezor kupitia tangazo la mtandaoni. Sanduku lilikuwa sawa, karatasi za kuzibia zilikuwa mahali pake, kifaa kilifanya kazi. Ndani, kipande muhimu kilikuwa kimebadilishwa, na funguo ambazo kifaa kilijidai kuzaa zilitoka katika orodha ya 20 ambazo mwizi alizitayarisha mapema. Pesa iliondoka siku ambayo kifaa hakikuwa hata kimeunganishwa na kompyuta.

Kwa hiyo kifaa cha mtumba hapana, hata kikiuzwa na rafiki. Kifaa kipya cha kweli hufika hakina namba ya siri wala maneno ya kuokolea. Hivyo vinawekwa na mnunuzi mwenyewe. Karatasi iliyo ndani ya sanduku ikiwa tayari ina maneno yaliyoandikwa, hata kwa mashini na kwa uzuri, huo ni mtego, na pesa yoyote itakayowekwa humo ni ya aliyeyaandika. Mara kifaa kinapochomekwa kwa mara ya kwanza, programu ya mtengenezaji hukagua kama ni cha kweli. Ukaguzi huo ukishindwa, biashara imeisha. Hakuna fundi wa kuutengeneza.

Programu nayo ina mitego yake. Novemba 2023 Ledger Live ya bandia ilikutwa ndani ya duka rasmi la programu la Microsoft, na walioipakua walipoteza zaidi ya nusu milioni ya dola. Kama duka la Microsoft lilidanganywa, viungo vinavyopita katika makundi ya WhatsApp si vya kuvizungumzia. Anwani ya mtengenezaji inaandikwa kwa vidole, herufi kwa herufi, na programu inachukuliwa hapo tu.

Halafu kuna waya. Kwenye meza za soko, waya nyingi za bei ndogo ni za kuchaji tu. Ndani yake hamna nyuzi za kupitisha data. Kifaa kinawaka, lakini kompyuta haikioni. Mwenyewe anaogopa, anadhani kimekufa, anamwita kijana anayejua mashini, naye kwa nia njema ao mbaya anaomba namba ya siri, kisha anaomba maneno “ili tukirudishe”. Pesa imekwenda, na chanzo ni waya. Utumike ule uliotoka ndani ya sanduku, uchomekwe moja kwa moja kwenye kompyuta. Na yeyote anayeomba maneno ya kuokolea, hata akijiita wakala wa kampuni, hata akiwa na nembo yake kwenye picha ya WhatsApp, ni mwizi. Kampuni hizo hazihitaji maneno hayo kwa kazi yoyote.

Umeme nao una usemi. Kiwanja hupata umeme wa Matebe, kituo cha maji cha zaidi ya megawati 13 karibu na Rutshuru kilichofunguliwa mwaka 2015 na hifadhi ya Virunga, na vita vimeikata laini hiyo zaidi ya mara moja. Kompyuta ya mezani isiyo na betri ikizimika katikati ya kufanya upya programu ya ndani ya kifaa, kifaa kinaweza kukwama na kulazimu kuanzishwa upya. Pesa haipotei ikiwa maneno yapo na ni sahihi. Ikiwa hayapo, ndiyo basi. Kazi hiyo ifanywe kwenye kompyuta yenye betri iliyojaa, baada ya maneno kuhakikishwa.

Kwa kusema kweli, jimbo hili si geni kwa bitcoin. Mwaka 2020, watalii walipokosekana kwa sababu ya usalama na korona, hifadhi hiyohiyo ya Virunga ilianza kutumia umeme wa kituo chake cha Luviro, huko Lubero, kuendesha makontena ya mashini zinazochimba bitcoin. Umeme wa Matebe unawasha taa za wakaaji. Wa Luviro uligeuzwa kuwa sarafu na kusaidia kulipa walinzi wa mbuga. Lakini hifadhi ina wahandisi na walinzi wenye bunduki. Mwenye kifaa kimoja Kiwanja ana droo ya meza.

Maneno 24

Wakati wa kuanzishwa, kifaa huonyesha maneno 12 ao 24. Hayo ndiyo ufunguo wenyewe, ukiwa umeandikwa kwa namna ambayo mtu anaweza kuikopi. Kifaa kikivunjika, kikiibiwa ao kikianguka mtoni, maneno hayo yakiingizwa katika kifaa kingine yanarudisha kila kitu. Na aliye nayo hahitaji kifaa wala namba ya siri. Kifaa kinaweza kujilinda, kwa mfano Ledger hujifuta baada ya namba ya siri kukosewa mara tatu. Karatasi haijifuti.

Maneno hutoka katika orodha maalum ya maneno 2,048. Orodha hiyo ipo kwa Kiingereza, Kifaransa, Kihispania na lugha nyingine chache. Ya Kiswahili haimo. Vifaa vingi huonyesha ya Kiingereza tu. Kwa mtu aliyesoma shule kwa Kifaransa na kuongea Kiswahili, Kinande ao Kinyarwanda nyumbani, hilo si jambo dogo: neno huandikwa kama linavyosikika, ama herufi moja inateleza kuelekea neno la Kifaransa linalofanana nalo. Miaka miwili baadaye karatasi inakataliwa. Bahati nzuri orodha ilipangwa ili herufi nne za kwanza zitoshe kutofautisha kila neno, kwa hiyo mwisho uliokosewa unasahihishika. Mwanzo uliokosewa ni mtihani mwingine. Njia ya uhakika ni kuijaribu karatasi kabla ya kuiamini: weka dola chache, futa kifaa kwa makusudi, kirudishe kwa kutumia karatasi, uone kama dola hizo zipo. Wachache wanathubutu kufanya hivyo, na wanaoogopa ndio wenye sababu kubwa zaidi ya kujaribu.

Maneno hayapigwi picha. Telefone nyingi hupeleka picha kwenye akaunti ya Google zenyewe, na telefone hiyohiyo kesho inauzwa, inaibiwa ao inafunguliwa na mwenye silaha kwenye kizuizi cha barabara. Wala hayaandikwi kwenye kompyuta, hata katika faili lililopewa jina la mapishi.

Karatasi pia ina adui yake, na Kiwanja inamjua. Novemba 2008 watu wapatao 150 waliuawa hapo kwa siku mbili, kwa hesabu ya Human Rights Watch, na waliobaki walikimbia. Walikimbia tena 2012, na tena 2022. Anayekimbia anabeba watoto, godoro na sufuria. Kilichofichwa juu ya dari kinabaki, pengine kwa mvua, pengine kwa moto. Kwa sababu hiyo baadhi ya wenye kripto hugonga herufi nne za kila neno kwenye kibati cha chuma kisichopata kutu, ambacho moto wa nyumba hauwezi kukisomba. Kugonga huko hakupelekwi kwa fundi wa kuchomelea, kwani naye atakuwa ameyasoma. Ni kazi ya nyundo na ya mwenyewe.

Vifaa vingi huruhusu neno moja la ziada analochagua mtu mwenyewe na kulitunza kichwani. Aliyepata kibati bila neno hilo anafungua pochi nyingine, yenye kidogo ao isiyo na kitu. Kwa mtu anayeweza kuamriwa kwa bunduki afungue, ni kinga yenye maana. Lakini neno lililosahaulika halina wa kulirudisha, na neno linalojulikana na mtu mmoja huzikwa naye. Mjane mwenye hati za kifo anaweza kubisha kwa kampuni ya telefone na kudai pesa ya M-Pesa ya mume wake. Atasumbuliwa, lakini mlango upo. Kwa kibati chenye herufi zisizoeleweka hana mlango wowote, na kama hakuambiwa ni nini, atakitupa pamoja na vyuma vingine. Kati ya kuwaficha watekaji na kumfahamisha mke hakuna kanuni ya mtengenezaji. Kila nyumba inapima yenyewe.

Mlango wa kutokea

Hata baada ya yote hayo kufanywa vizuri, kuna mambo ambayo waya na kifaa havigusi. USDT ina mwenyewe: kampuni ya Tether, inayoweza kuzuia sarafu zilizo kwenye anwani yoyote. Desemba 2023 ilitangaza kwamba itazuia anwani za watu na makundi yaliyo kwenye orodha ya vikwazo ya Marekani. AFC, muungano ambao M23 imo ndani yake, uliwekwa kwenye orodha hiyo Julai 2024. Vikwazo vinawalenga waliotajwa, si wakaaji wa maeneo wanayoyashika. Lakini mtu wa Kiwanja anayenunua USDT kutoka kwa asiyemjua hajui zimepitia wapi, na kifaa chake hakina skrini ya kumwambia hilo.

Bitcoin haina mwenyewe wa kuizuia, ila bei yake haina adabu. Novemba 2021 moja ilifika karibu dola 69,000. Mwaka mmoja baadaye ilishuka chini ya 16,000. Pesa ya mbegu za msimu ujao haikai mahali kama hapo.

Kuna pia kikwazo kidogo kinachowashangaza wanaoanza. Kuhamisha USDT kwenye mtandao wa Tron, ada hulipwa kwa sarafu nyingine iitwayo TRX. Mwenye USDT 500 na TRX sifuri anaziona pesa zake kwenye skrini na hawezi kuzitoa. Anatafuta mtu wa kumuuzia TRX kidogo, na kumbe amekwisha kutangaza kwamba anazo nyingine.

Mwishoni ni lazima mtu auze ili apate noti, kwa sababu mkulima wa Kiwanja hapokei USDT kwa gunia lake. Bila banki, kuuza huko ni kati ya mtu na mtu, uso kwa uso ao kupitia telefone, na picha ya ujumbe wa malipo ya M-Pesa inaweza kutengenezwa na mtoto wa shule. Salio lako ndilo la kuangalia, si picha anayoonyesha mnunuzi, na kifaa kibaki nyumbani mpaka noti zihesabiwe. Kiasi nacho kiwe kidogo kidogo.

Hapo pia ndipo hesabu inapojibu swali la nani anakihitaji. Vifaa vya chini huuzwa kwa dola zisizofika 100 huko vinakotengenezwa, kabla ya usafiri. Kwa mwenye dola 200, kifaa kinakula karibu nusu ya kile kinachotakiwa kulindwa. Mwenye 5,000 ana sababu ya kukifikiria, na ana sababu kubwa zaidi ya kunyamaza. Siku ya kuzirudisha kuwa noti, wote wawili watakutana na mtu yuleyule mwenye pesa mkononi, na kamisyo hupangwa na mwenye noti.